Kupunguza unene: Mazoezi au sahani, kipi kitangulie?

KILA Jumapili alfajiri, kabla daladala hazijaanza kugombea abiria katika makutano ya Barabara za Uhuru na Mandela, eneo la Buguruni jijini Dar es Salaam huamshwa na nyimbo za vikundi vya mbio za pole.

Wanachama wa vikundi hivyo, wanaume kwa wanawake, hutoka wakiwa na fulana za sare, huimba kwa kupokezana, huzunguka mitaa na kurejea kijiweni jua likianza kuwaka.

Baada ya hapo wengi huelekea kwa muuza supu. Wakimaliza bakuli moja, chapati mbili na soda baridi, hurudi nyumbani wakiamini kuwa kazi ya wiki imekwisha.

Miezi kadhaa baadaye, baadhi ya wale walioanza mbio kwa nia ya kupunguza mwili hupanda mizani na kukuta mshale umesimama palepale. Wapo wanaokata tamaa na kuacha mazoezi kabisa, na wapo wanaoanza kutafuta vidonge na chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mkononi.

Hapo ndipo linapozuka swali linalowasumbua wakazi wengi wa mijini: mtu mwenye muda mchache na kipato kidogo aanze na lipi, miguu au sahani?

Jibu linalotokana na tafiti mbalimbali, ikiwamo moja muhimu iliyofanyika hapa nchini, ni kwamba unene hupunguzwa zaidi mezani, ilhali mazoezi hulinda afya na kuzuia uzito uliokwisha kupungua usirudi. Anayeshika kimoja na kutupa kingine hupata nusu ya faida, na mara nyingi huwa ameshika nusu isiyolingana na lengo lake.

Si suala la urembo

Kwa miaka mingi unene ulichukuliwa kuwa dalili ya neema. Mwanamke aliyenenepa baada ya kuolewa alionekana ametunzwa, na mwanamume mwenye kitambi alihesabiwa kuwa mambo yake yamemnyookea.

Kinyume chake, aliyepungua alitiliwa shaka, hasa katika miaka ambayo ugonjwa wa Ukimwi ulikuwa ukiua wengi kabla ya dawa kupatikana kwa wingi. Hadi leo, si ajabu aliyepunguza kilo chache kwa hiari yake kusimamishwa njiani na kuulizwa, “Mbona umekwisha hivyo, shemeji, unaumwa?”

Takwimu, hata hivyo, zinaonyesha kuwa hatari imehamia upande wa pili. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016 kiwango hicho kilifika asilimia 28, huku wanawake wa mijini wakiathirika zaidi kuliko wa vijijini.

Utafiti mwingine wa kitaifa, uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulibaini kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia tisa hivi walikuwa na kisukari.

Unene uliozidi huongeza uwezekano wa kupata magonjwa hayo mawili, pamoja na maradhi ya moyo, kiharusi, maumivu ya magoti na baadhi ya saratani. Mengi kati ya hayo huingia kimya kimya, na mgonjwa hujitambua wakati figo, macho au moyo umekwisha kuguswa.

Kwa familia ya Buguruni inayoishi kwa biashara ya kila siku, kiharusi cha mzazi mmoja humaanisha mtaji kuliwa, watoto kukosa ada na ndugu mmoja kuacha kazi ili auguze. Ndiyo maana swali la miguu au sahani linastahili jibu la uhakika.

Namna jiji linavyonenepesha

Kabla ya kujua namna ya kuutoa unene, ni vyema kujua namna unavyoingia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu 209, wanaume na wanawake, waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kuja kuishi Dar es Salaam. Watafiti waliwapima kabla hawajahama na kuendelea kuwapima baada ya kuwasili jijini.

Katika miezi 12 tu, wanaume waliongezeka wastani wa kilo 2.3 na wanawake kilo 2.35. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi au shughuli za nguvu walishuka kutoka asilimia 79 hadi asilimia 26 hivi, na wanawake kutoka asilimia 38 hadi 16.

Hali hiyo haishangazi kwa anayeyajua maisha ya jiji. Jembe hubadilishwa kwa meza ya biashara, mwendo wa kwenda shambani hubadilishwa kwa daladala na bodaboda, na maji huchotwa bombani badala ya kisimani.

Chakula nacho hubadilika. Katika utafiti huo ulaji wa nyama nyekundu uliongezeka, ingawa matunda na mboga navyo viliongezeka. Jijini, chakula cha mafuta na sukari hupatikana hatua chache kutoka mlangoni, kuanzia maandazi ya asubuhi hadi chipsi mayai, maarufu kama zege, za saa nne usiku.

Mwili wa mhamiaji hupigwa basi kutoka pande mbili kwa wakati mmoja: miguu hupumzika, nayo sahani huongezewa mafuta.

Hesabu ya mwili

Mwili hutumia nishati inayotokana na chakula, na nishati hiyo hupimwa kwa kalori. Isiyotumika huhifadhiwa, sehemu kubwa ikiwa ni mafuta yanayojikusanya tumboni, mapajani na kuzunguka viungo vya ndani.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Ili ipungue, ni lazima mtu atumie zaidi ya anachokula, au ale pungufu ya anachotumia, kwa siku nyingi mfululizo.

Mtu wa kilo 70 akikimbia mbio za pole kwa dakika 45 hutumia kati ya kalori 350 na 400. Akitembea kwa miguu saa nzima, kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, hutumia kama kalori 250, na sehemu ya hizo angezitumia hata kama angekaa tu.

Sasa itazamwe meza ya muuza supu. Chapati moja iliyotengenezwa kwa gramu 60 za unga wa ngano na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ina zaidi ya kalori 300, kwa kuwa kijiko hicho cha mafuta peke yake kina kalori 120.

Chapati mbili zina zaidi ya kalori 600. Soda ya mililita 300 huongeza nyingine zipatazo 130. Kabla hata supu haijahesabiwa, mkimbiaji amekwisha kurudisha karibu mara mbili ya alichokitoa barabarani.

Kukimbia kalori 400 huhitaji karibu saa nzima, jasho na maumivu ya misuli, lakini kuzila huchukua dakika tano. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mshale wa mizani kugoma.

Funzo kutoka Ziwa Eyasi

Sababu ya pili iligunduliwa hapa Tanzania, miongoni mwa Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa nchi, ambao baadhi yao bado huishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuchuma matunda ya porini.

Mwaka 2012 timu ya watafiti iliyoongozwa na Herman Pontzer wa Marekani ilichapisha matokeo ya kupima nishati inayotumiwa na Wahadzabe 30 katika maisha yao ya kawaida. Washiriki walikunywa maji yaliyowekewa alama za kikemia, kisha sampuli za mkojo zikachukuliwa kwa siku kadhaa ili kujua mwili umetumia kiasi gani.

Wanaume katika kundi hilo hutembea takriban kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu kilomita sita, mbali na kupanda miti, kuchimba na kubeba mizigo. Matarajio yalikuwa kwamba wangetumia nishati nyingi kuliko mkazi wa Marekani au Ulaya anayeshinda kwenye kiti.

Haikuwa hivyo. Baada ya tofauti za ukubwa wa miili kuzingatiwa, nishati ambayo Wahadzabe walitumia kwa siku haikutofautiana kwa kiasi cha maana na ile ya wakazi wa nchi hizo zenye viwanda.

Maelezo yaliyotolewa na Pontzer na wenzake ni kwamba mwili hujibana. Unapozoea kufanya kazi nyingi, hupunguza matumizi katika shughuli nyingine za ndani, mithili ya mama wa nyumbani anayeona nauli imepanda akapunguza matumizi ya kitoweo ili fedha ya siku itoshe.

Wapo wanasayansi wanaojadili ukubwa wa kujibana huko, na haina maana kwamba mazoezi hayatumii nishati. Funzo lake ni kwamba hesabu ya “nimekimbia kalori 400, basi nimepungua kalori 400” haitimii yote ndani ya mwili.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba Wahadzabe ni wembamba na wenye afya njema ya moyo. Hawali chapati za mafuta wala soda. Hula mizizi yenye nyuzinyuzi nyingi, matunda pori, nyama na asali.

Vikapimwa kimoja kimoja

Swali la mazoezi au chakula liliwahi pia kupimwa moja kwa moja. Katika utafiti uliofanyika Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012, wanawake 439 wenye uzito uliozidi na umri wa miaka 50 hadi 75 waligawanywa katika makundi manne kwa bahati nasibu.

Kundi la kwanza lilipunguza chakula tu. La pili lilifanya mazoezi tu, yakiwa ya dakika 45 kwa siku, siku tano kwa wiki. La tatu lilifanya yote mawili, na la nne halikubadili kitu.

Baada ya mwaka mmoja, waliofanya mazoezi tu walipungua wastani wa asilimia 2.4 ya uzito wao. Waliopunguza chakula tu walipungua asilimia 8.5, na waliounganisha yote mawili asilimia 10.8. Wale ambao hawakubadili kitu walipungua chini ya asilimia moja.

Kwa mwanamke wa kilo 80, maana yake ni kilo mbili kwa mazoezi peke yake, karibu kilo saba kwa chakula peke yake, na zaidi ya kilo nane na nusu kwa vyote viwili.

Matokeo hayo yanaonyesha kuwa anayetaka mizani ishuke aanze na sahani, lakini pia kwamba aliyeongeza miguu alimpita aliyeishia kwenye sahani.

Kwa nini mazoezi yasiachwe

Itakuwa kosa kubwa kwa msomaji kuhitimisha kuwa mbio za Jumapili ni kazi bure.

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa jijini London. Walifanya kazi ndani ya gari moja, lakini dereva alishinda ameketi huku kondakta akipanda na kushuka ngazi kutwa nzima kukusanya nauli.

Makondakta walionekana kupata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Utafiti huo ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuonyesha kuwa mwendo wa kila siku hulinda moyo, na ni rahisi kueleweka kwa anayemfahamu dereva wa daladala na konda wake.

Mazoezi hushusha shinikizo la damu, huiwezesha misuli kutumia sukari iliyomo kwenye damu, huimarisha mifupa, huleta usingizi na kupunguza msongo wa mawazo. Faida hizo hupatikana hata kama mizani haikusogea.

Yana kazi nyingine pia. Mtu anapopunguza chakula bila mazoezi, sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli. Mazoezi, hasa ya kuinua uzito au kutumia nguvu, husaidia kilichoondoka kiwe zaidi mafuta.

Zaidi ya hayo, kupungua ni jambo moja na kubaki umepungua ni jingine. Nchini Marekani, daftari maalumu lililoanzishwa mwaka 1994 huandikisha watu waliopunguza angalau kilo 13 na nusu na kudumu hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Tisa kati ya kumi waliomo hufanya mazoezi, kwa wastani wa saa moja kwa siku, nao pia huendelea kuangalia wanachokula.

Ushahidi mzito zaidi wa kuunganisha yote mawili ulitolewa mwaka 2002, pia nchini Marekani, kwa watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Walioelekezwa kupunguza asilimia saba ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin walipunguza kwa asilimia 31.

Hatua ya kwanza haigharimu fedha

Wakazi wengi wa mjini hudhani kuwa ulaji wa kupunguza mwili ni wa watu wenye uwezo, wanaonunua matunda ya bei mbaya katika maduka makubwa. Ukweli ni kwamba hatua ya kwanza humwachia mtu fedha mfukoni.

Hatua hiyo ni kikombe. Soda ya mililita 300 ina sukari inayokaribia vijiko vidogo vinane. Anayekunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, amekwisha kutumia vijiko tisa kabla ya kula kitu kingine chochote chenye sukari.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia tano, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko vidogo sita. Kushusha kutoka vijiko vitatu hadi kimoja kwa kila kikombe kunaweza kufanywa polepole, nusu kijiko kila baada ya wiki, hadi ulimi uzoee.

Juisi za kukamua nazo si salama kama zinavyodhaniwa, kwa kuwa aghalabu hutiwa sukari, na hata isipotiwa, juisi iliyochujwa imekwisha kupoteza nyuzinyuzi. Ni bora kula chungwa lenyewe.

Hatua ya pili ni mafuta. Wapishi wengi humimina kutoka kwenye kidumu kwa kukadiria kwa macho. Anayepima kwa kijiko hugundua haraka kiasi anachozidisha, na kila kijiko kikubwa kinachobaki kwenye kidumu ni kalori 120 zilizookolewa. Kitumbua, andazi au kiazi kilichozama kwenye karai hakiwezi kulingana na muhogo, kiazi kitamu au hindi lililochemshwa.

Hatua ya tatu ni mpangilio wa sahani. Katika migahawa mingi, mlima wa wali au ugali hujaza sahani huku mboga ikikaa pembeni kama pambo. Ushauri unaotolewa na wataalamu wengi wa lishe ni kuugeuza mpango huo: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wanga na robo iwe maharage, dagaa, samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi.

Kwa mkazi wa Buguruni jambo hilo linawezekana. Mchicha, matembele, kisamvu, bamia, nyanya chungu, kunde na maharage ni vyakula vya kila siku katika masoko ya jiji. Mboga hujaza tumbo kwa kalori chache, ilimradi haikuzamishwa katika mafuta au tui zito la nazi.

Thamani ya vyakula vya asili imethibitishwa pia na utafiti wa mkoani Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2025, uliowahusisha wanaume 77. Waliotolewa kwenye chakula cha asili na kuingizwa kwenye chakula cha kisasa cha viwandani na kukaangwa, ndani ya wiki mbili tu vipimo vya damu yao vilionyesha dalili zinazohusishwa na magonjwa sugu, huku waliorudishwa kwenye chakula cha asili vipimo vyao vikielekea upande wa nafuu.

Muda wa kula nao una maana. Mtu anayeshinda na njaa sokoni hadi usiku hula kwa pupa. Hali hiyo huonekana pia katika mwezi wa Ramadhani, ambapo baadhi ya waliotarajia kupungua huongezeka, kwa sababu futari ya tambi, sambusa na uji wa sukari nyingi hufidia saa zote za mfungo na kupita.

Miguu ya kila siku

Kwa upande wa mazoezi, WHO inashauri mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki za shughuli ya wastani kama kutembea kwa haraka, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili.

Dakika 150 si lazima zikae Jumapili pekee. Nusu saa kwa siku tano hutosha, na inaweza kugawanywa, dakika 15 asubuhi na 15 jioni.

Anayefanya kazi Kariakoo anaweza kushuka daladala vituo viwili kabla na kumalizia kwa miguu. Muuza duka anayeshinda ameketi anaweza kusimama na kutembea kila baada ya muda. Kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi na kuinua madumu ya maji ni mazoezi ya misuli yasiyohitaji kiingilio.

Vikwazo navyo vipo. Barabara nyingi za jiji hazina njia salama ya waenda kwa miguu, joto ni kali, viwanja vya wazi vimepungua, na wanawake wengi huogopa kutembea peke yao gizani. Kwa sababu hiyo, vikundi vya mtaani vina thamani kubwa, kwani humpa mwanachama usalama na watu wa kumuuliza asipoonekana.

Serikali nayo iliwahi kusukuma jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuwataka wananchi watumie Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili hiyo. Siku moja kwa mwezi ni mwanzo mzuri wa kuhamasisha, lakini mwili huhesabu siku zote 30.

Njia za mkato

Aliyekata tamaa ni mteja rahisi. Zipo chai, vidonge na mikanda inayonadiwa kuwa huondoa tumbo ndani ya siku saba.

Nyingi ya chai hizo huwa na dawa za kuharisha. Kinachoondoka ni maji na kinyesi, mizani hushuka kwa siku mbili na kupanda tena mtu anapokunywa maji, ilhali mafuta hayakuguswa. Kuharisha kwa muda mrefu kunaweza kuvuruga chumvi za mwili na kudhuru figo na moyo.

Mkanda wa kubana tumbo na koti la plastiki la kukimbilia hutoa jasho, si mafuta. Dawa halisi za kutibu unene zipo duniani, lakini zinahitaji daktari, ufuatiliaji na fedha nyingi.

Kasi inayokubalika kwa wengi ni kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki. Kupunguza hata asilimia tano hadi kumi ya uzito huleta nafuu katika shinikizo la damu na sukari, hata kama mtu bado anaonekana mnene. Ni kawaida pia mizani kukwama baada ya miezi michache, kwa kuwa mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo zaidi. Hiyo si dalili ya kushindwa.

Nani apimwe kwanza

Njia rahisi ya kujua hali ni kugawa uzito wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likiwa 25 na zaidi, uzito umezidi. Likifika 30, ni kiribatumbo. Mtu mwenye urefu wa sentimita 165 hufika 30 akiwa na kilo 82 hivi.

Futi kamba ya fundi cherehani husaidia pia. Kiuno kinachozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume huashiria mafuta ya tumboni yaliyo hatari.

Mjamzito na anayenyonyesha hawapaswi kujinyima chakula bila ushauri. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kuishiwa sukari ghafla akiruka mlo, hivyo ni lazima azungumze kwanza na daktari. Vivyo hivyo kwa mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo lisilotibiwa au maumivu ya kifua.

Aidha, anayepungua bila kukusudia asifurahie. Kisukari, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na saratani huweza kuanza hivyo, na kipimo cha mapema katika kituo cha afya huokoa maisha.

Kwa aliye mzima, mpangilio ni huu: wiki ya kwanza aanze na kikombe, kisha kijiko cha mafuta, kisha sahani, na siku zote hizo miguu iendelee kutembea. Mizani itaanza kusikiliza sahani, na miguu itaifanya iendelee kusikiliza.

Wanaokimbia Jumapili pale Buguruni hawana haja ya kuacha mbio wala nyimbo zao. Wanachotakiwa kubadili ni kituo cha mwisho: badala ya chapati mbili na soda, iwe maji, chungwa na bakuli la supu isiyoelea mafuta, halafu Jumatatu waamke tena.